Basi linashuka Kitonga kama jiwe, abiria wote kimya: kwa nini mkubwa hatumwambii?

#1 Mkaguzi wa Kijiwe (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mwaka juzi nilipanda basi Mbeya saa kumi na mbili asubuhi kuja Dar. Jina la kampuni naliacha. Hadi Iringa safari ilikuwa ya kawaida, picha za Kinaijeria kwenye runinga, watu wanasinzia. Tulipopita Ilula suka akabadilika. Sijui alikuwa anafukuzia muda au alikuwa anashindana na basi la mbele. Tukaanza kushuka Kitonga, mnaoijua njia ile mnaelewa ninachosema: upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, na malori yanajikokota kama kinyonga. Yeye anayapita konani. Konani, wakuu, mahali ambapo huoni kinachokuja.

Nilikuwa siti ya tatu upande wa njia, naona kila kitu. Jirani yangu, mzee wa makamo, ameshikilia chuma cha siti ya mbele kama anayesubiri kung'olewa jino. Kijana wa upande wa pili ametoa spika zake masikioni. Tunatazamana. Unamwangalia mwenzako usoni, unaangalia dirishani, unarudi kumwangalia tena. Hakuna aliyefungua mdomo.

Kona ya tatu au ya nne tukakutana uso kwa uso na lori la mafuta. Dereva alirudi upande wake kwenye upenyo ambao mpaka leo sijui aliupata wapi. Hapo mama mmoja wa siti za nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akapiga kelele: "We dereva! Umebeba watu humu, si viazi!" Konda akamjibu jibu lao lile lile, anayeogopa akapande ndege. Hakumaliza hata sentensi, basi zima likalipuka. Mzee wangu akasimama, kumbe ana sauti ya muadhini. Kijana wa spika anataka dereva asimamishe gari tushuke. Wengine wanataka namba ya trafiki. Suka akapunguza mwendo, tukaingia Dar usiku, wazima.

Dereva simlaumu sana, madereva wa hivyo wapo. Kinachoninyima usingizi ni kwamba yale maneno yote yalikuwa midomoni mwetu tangu Ilula. Hakuna abiria aliyehitaji kushawishiwa. Tulikuwa watu hamsini na kitu tunawaza jambo moja, kila mtu akidhani analiwaza peke yake. Na mimi, niseme ukweli, kazi inayonilisha ni ukaguzi wa ndani wa mahesabu. Nalipwa mshahara kwa kuuliza maswali. Siku ile nilikaa kimya kama mzigo.

Tangu hapo nimekuwa nasomasoma jambo hili. Kuna bwana mmoja Marekani, Solomon Asch, miaka ya 1950 alikuwa anakusanya vijana wa chuo chumbani na kuwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, waseme upi unalingana na ule wa kwanza. Jambo la mtoto wa chekechea. Mtu akiachwa peke yake hakosei. Lakini chumba kizima kilikuwa kimepangwa isipokuwa mmoja, na wale waliopangwa walitaja kwa sauti jibu la uongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu inamfikia yule asiyejua mchezo. Zaidi ya theluthi moja ya majibu yalifuata uongo wa wengi. Watu watatu kati ya wanne waliyumba angalau mara moja. Mstari wanauona kwa macho yao!

Halafu Stanley Milgram, chuo kikuu cha Yale, mji wa New Haven, 1961. Aliweka tangazo gazetini kutafuta watu wa utafiti wa kumbukumbu, malipo dola 4 na senti 50 za nauli. Wakaja watu wa kawaida kabisa, makarani, walimu, vibarua. Unakalishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, volti 15 mpaka 450. Chumba cha pili kuna bwana mpole amefungwa kitini, anakariri maneno. Akikosea, bonyeza. Akikosea tena, panda swichi moja. Yule bwana alikuwa anaigiza na umeme haukuwepo, ila mbonyezaji hakujua hilo. Pembeni yuko mtu wa koti la maabara la kijivu, ukisita anakuambia endelea, jaribio linataka uendelee. Hana bunduki. Hawezi kukufukuza kazi. Hela yako ulishapewa na umeambiwa ni yako hata ukiacha.

Watu 26 kati ya 40 walifika volti 450. Na hawakufika kwa raha. Walitokwa jasho, walitetemeka, wengine walishikwa na kicheko cha ovyo wasichoweza kukizuia. Walikuwa wanateseka na wanabonyeza.

Hapo ndipo nilipojiona mimi kwenye siti ya tatu. Wakuu, ninyi mnaonaje? Ni woga? Ni malezi? Naomba kuwasilisha.

#2 Kitunguu Maji

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka mbuyu. Tatizo ni malezi yetu. Mtoto wa Kiafrika akiuliza "kwa nini" anakula kofi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeimbishwa tangu chekechea, halafu ukubwani unategemea tumwambie dereva apunguze? Mzungu huwezi kumpeleka hivyo, anasema hapo hapo.

#3 Mkaguzi wa Kijiwe

Kitunguu, hao wa New Haven hawakulelewa na shangazi yako. Lakini ngoja nikupe Wazungu wenyewe, tena marubani.

Machi 27, 1977, kisiwa cha Tenerife. Bomu lilikuwa limelipuka uwanja wa ndege wa Gran Canaria, ndege zikaelekezwa uwanja mdogo wa Los Rodeos, zikajaa mpaka kwenye barabara za kupitia. Baadaye ukungu ukashuka. Boeing 747 mbili, moja ya KLM, nyingine ya Pan Am, ziko kwenye njia moja ya kurukia na hazionani. Ya KLM imegeuka tayari kuruka, ya Pan Am bado inatembea mbele yake inatafuta pa kutokea.

Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa kigogo. Mkuu wa mafunzo ya 747 katika kampuni, picha yake inatumika kwenye matangazo. Rubani msaidizi aliyekaa kando yake alikuwa amepimwa na kupitishwa kurusha 747 na huyu huyu kapteni, miezi miwili hivi nyuma. Fikiria mwenyewe, aliyekusahihishia mtihani ndiye unayetakiwa kumwambia anakosea.

Kapteni alipoanza kuongeza moto mara ya kwanza, msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege haijatoka. Akajibiwa kwa kifupi: najua, omba. Akaomba. Kapteni akaondoa ndege tena, na bado ruhusa ya kuruka haikuwa imetolewa. Safari hii msaidizi hakumzuia. Aliyebaki ni mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yao. Huyu akauliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Basi, mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye zikagongana. Watu 583.

Sababu zilikuwa nyingi, ukungu, redio kuingiliana, uchovu na muda wa kazi uliokuwa unawaishia, sitaki kumtwika mtu mmoja yote. Lakini lile swali la mhandisi nimelirudia kichwani mara nyingi. Lile lilikuwa fumbo. Alikuwa na hofu, akaivalisha nguo ya swali ili mkubwa aligundue kosa mwenyewe na asiaibike. Sisi si ndiyo mabingwa wa hilo? Ofisi za serikali karatasi ya kumwandikia bosi jambo inaitwa dokezo. Unadokeza! Bosi asipotaka kudokezeka, faili linafungwa.

Watu wa anga walijifunza. Kuanzia mkutano ulioitishwa na NASA mwaka 1979, na United Airlines mwaka 1981, wakaanza mafunzo rasmi ya namna wafanyakazi wa chumba cha rubani wanavyosemezana. Mdogo anafundishwa kusema waziwazi, na mkubwa anafundishwa kusikia. La pili naliona ndilo gumu.

#4 Afande Mstaafu

Vijana, mnalifanya neno "utii" kuwa tusi. Nimevaa gwanda miaka ishirini na nane. Mahali pengine ukianza kuuliza "kwa nini tulale chini", wenzako wanarudi kwenye masanduku. Amri inatiiwa kwanza, malalamiko yanafuata ngazi. Nchi isiyo na watu watiifu ni soko la mnada.

Ila nitawapa jambo moja. Kwenye kiwanja cha shabaha, tulikozoea sisi, mtu yeyote akiona hatari anapiga kelele ya kusimamisha moto. Hata kuruta wa wiki ya pili. Bunduki zote zinashuka, na hakuna wa kumuuliza una cheo gani. Akikosea hacharazwi, tunaanza upya. Sasa jiulizeni kwa nini yule kuruta anayetetemeka mbele ya koplo anaweza kumnyamazisha kanali pale kiwanjani. Ni kwa sababu aliambiwa kabla, mbele ya kanali mwenyewe.

#5 Sista wa Zamu

Shikamoo Afande. Hapo umegusa wodi yetu.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na tano huu. Daktari bingwa anapopita raundi na msafara wake, vijana wa mafunzo kwa vitendo nyuma, kuna kosa unaliona kwenye faili na unaona kabisa hakuna wa kulisema. Niliwahi kukuta dozi ya mtoto imeandikwa kama ya mtu mzima. Mkono wa mkubwa mwenyewe. Mbele ya watu kumi na wawili. Ningesema "Daktari umekosea", ningekuwa sahihi, na nisingesahauliwa.

Nikamsogezea faili: "Daktari, naomba unisaidie kusoma hapa, macho yangu leo hayanipi." Akasoma kwa sauti, akafika kwenye namba, akanyamaza, akatoa kalamu akarekebisha. Akaniambia ahsante sista. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye.

Kwa hiyo mleta mada usiyatukane mafumbo sana. Fumbo linaokoa pale unapojua mwenzako atalifumbua. Shida ni usiku wa manane, kwa simu, na mtu hujui hata sura yake.

#6 Mkaguzi wa Kijiwe

Sista, umenikumbusha kitu kinachokuhusu moja kwa moja. Marekani, mwaka 1966, Charles Hofling na wenzake walipiga simu wodini. Mtu anajitambulisha kama daktari, muuguzi hajawahi kumwona, anamwagiza ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa iitwayo Astroten. Dawa hiyo haimo kwenye orodha ya hospitali, na kwenye boksi imeandikwa kiwango cha juu ni miligramu 10. Ndani kilikuwa kitu kisicho na madhara, na kulikuwa na mtu wa kumzuia mlangoni. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa njiani kuitoa. Wauguzi wengine walipohadithiwa tu na kuulizwa wangefanya nini, karibu wote walisema wasingetoa.

Hapa ndipo nataka mkae. Mwaka 1977 wengine walirudia, ila safari hii dawa ilikuwa ile wanayoijua, Valium, na muuguzi aliweza kuzungumza na wenzake kwanza. Waliokuwa tayari kutoa dozi ile kubwa walikuwa 2 tu kati ya 18. Hawakuwa mashujaa kuliko wale wa kwanza. Walikuwa na mtu wa kumwambia "hebu njoo uone hii".

Kwa Milgram ni hivyo hivyo. Alipoweka watu wawili wengine mezani, waliopangwa, ambao katikati ya jaribio wanagoma na kusimama, waliofika volti 450 walishuka kutoka 26 mpaka 4 kati ya 40. Na kwa Asch, mtu mmoja tu akitoa jibu tofauti na kundi, waliofuata uongo walipungua sana. Hata pale mpinzani huyo alipokuwa naye amekosea! Hakuhitajika mwenye haki. Alihitajika mwenye kuharibu ukimya.

Kwa hiyo Kitunguu, malezi yapo, sikatai. Lakini nikirudi kwenye lile basi, mama wa viazi hakutufundisha kitu. Alitufungulia mlango tu.

#7 Mwalimu wa Kemia

Mimi nina ushahidi wa darasani. Nikiuliza "mmeelewa?", kidato cha pili chote: "Ndiyooo mwalimu!" Nikisahihisha mtihani najua nilidanganywa.

Siku moja niliandika ubaoni kwa makusudi haidrojeni na oksijeni zinatoa maji, bila kusawazisha. Tulikuwa tumesoma kusawazisha wiki nzima. Watoto hamsini na wanne wakanakili. Nikapita kati ya madawati nikakuta binti mmoja amenakili kosa langu kwa wino, na pembeni kwa penseli, herufi ndogo kama za mchwa, ameandika jibu sahihi. Nikamuuliza mbona hukusema? Akasema: "Nilidhani mwalimu ana sababu yake."

Jibu lile nimekaa nalo miaka. Hakuniogopa, sina fimbo na ananijua. Alinipa akili nisiyokuwa nayo. Nadhani na yule mzee wa kwenye basi alijiambia hivyo, dereva ameipita njia hii mara elfu, lazima anajua kitu nisichokijua.

#8 Mwana wa Likoni

Ndugu zangu, hamjambo huko. Hili la basi huku Kenya lilishafanyiwa kazi. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu vikimhimiza abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Baadhi ya vibandiko vilikuwa na picha za ajali za kutisha. Kisha wakaangalia madai ya bima. Matatu zilizobandikwa, madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili zikilinganishwa na zisizobandikwa. Kibandiko tu! Hakuna askari, hakuna faini. Ili dereva asivibandue waliweka bahati nasibu, gari likikaguliwa na vibandiko vipo, dereva ana nafasi ya kushinda pesa. Baadaye wakafanya tena kwa maelfu ya magari, upungufu ukawa kati ya robo na theluthi. Si haba.

Kampeni yenyewe ikaitwa "Zusha!"

Mimi nimeipanda gari yenye kibandiko hicho. Makanga anajua umeona, wewe unajua jirani yako ameona. Ukisema "dere, pole pole" hushangazi mtu, umesoma tu kilichoandikwa mbele yako.

#9 Kitunguu Maji

Zusha? Huku Bongo ukizusha wewe ni mzushi, unatafutwa na polisi 😂

#10 Mkaguzi wa Kijiwe

Umecheka lakini umefika mbali kuliko ulivyodhani. Kuzusha ni kuibua jambo, na kuzusha huku kwetu ni kutunga uongo. Neno moja. Msikitini uzushi ni kuleta lisilokuwepo kwenye dini. Sasa hesabu majina ya mtu anayeuliza: mzushi, mbishi, mkaidi, mjuaji, mchochezi, ana kiherehere, ana kimbelembele, ana kidomodomo. Mimi nimefika nane bila kuvuta pumzi. Haya, nitajieni la kumsifu. "Jasiri"? Hilo la vitani. "Mkweli"? Mkweli anajibu akiulizwa, hajaanzisha yeye.

Haki ya lugha yetu niitoe pia: anayenyamaza ili apendwe naye tunamjua. Chawa. Bendera fuata upepo. Anayejipendekeza. Hatumheshimu. Tunamwiga tu.

#11 Babu wa Ujiji

Wajukuu, mnaongea kana kwamba nchi hii haikuwahi kujaribu. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, ilitoa waraka ulioitwa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubabe na dharau kwa watu. Kilisomwa redioni, kilisomwa viwandani. Nilikuwa kijana, nafanya kazi Dar, tulikikariri kama sala. Meneja akikufokea unamwambia kifungu cha 15, anameza mate.

Kilichofuata ni wafanyakazi kulichukua lile neno jinsi lilivyoandikwa. Kiwanda baada ya kiwanda watu waliweka chini zana, si kwa ajili ya mshahara peke yake, ila kwa sababu meneja anatukana. Pale Mount Carmel Rubber, 1973, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha wenyewe. Serikali iliyotuambia tuulize ikaona sasa tunauliza kupita kiasi. Wengi walipoteza kazi miaka ile. Aliyekuwa jirani yangu Magomeni alirudi kwao Tabora na barua ya kuachishwa na nakala ya Mwongozo kwenye mfuko mmoja.

Afande kasema kuruta aliambiwa kabla. Sawa. Nasi tuliambiwa kabla. Wajukuu mjue na hilo, ruhusa hutolewa na ruhusa huondolewa, na huwa hawatangazi siku ya kuiondoa.

#12 Chapakazi

Uzi wa wasomi huu. Mleta mada ametuletea Marekani, Tenerife, volti. Swali langu moja: wewe mkaguzi, ofisini kwako umewahi kumuuliza mkubwa nini? Au unatuhubiria tu?

#13 Mkaguzi wa Kijiwe

Swali la haki. Nimelikalia tangu jana usiku, nalijibu.

Ofisi yangu ya zamani, naiacha bila jina, ililetwa vocha ya masurufu ya safari ya siku kumi mikoani. Posho, mafuta, kila kitu. Mimi ndiye ukaguzi wa awali, nikisaini mimi pesa inatoka, na hii ililetwa safari imeshapita eti kwa ajili ya kurejesha. Sasa mwenye safari nilikuwa namwona kantini siku zote hizo kumi. Anakula maharage meza ya pili kutoka dirishani.

Vocha ilikuwa na saini nne tayari. Nikajiambia watu wanne wameona, wana familia, wana akili, mimi ni nani. Mwalimu, ni maneno ya binti yako yale yale: labda wana sababu yao. Nikaweka ya tano. Sikuongwa hata soda. Ningeongwa ningeona nafuu, ningekuwa na maelezo.

Miezi kadhaa baadaye, tumekaa kwenye chai, nikamuuliza aliyesaini wa tatu kama hakujua. Akasema alijua, ila aliona wa kwanza na wa pili wamesaini. Nikapata nafasi nikamuuliza wa kwanza. Yule jamaa akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Akasema: "Mimi nilisaini kwa kuwa nilijua mwisho wa yote itafika kwako."

#14 Sista wa Zamu

Dah.

#15 Chapakazi

Nimekuelewa mkuu. Naondoa neno "wasomi".

#16 Afande Mstaafu

Hapo hata mimi nimekosa la kusema. Babu wa Ujiji, pokea salamu zangu.

#17 Binti wa Makambako

Jamani nimekuwa msomaji tu tangu mwanzo. Naandika nikiwa kwenye basi sasa hivi, tunaelekea Dar, Mikumi tumeipita kama dakika ishirini. Dereva anachati. Simu ameiweka juu ya usukani, anaandika kwa dole gumba. Niko siti ya pili namwona kabisa. Watu wa mbele wote wanamwona.

#18 Kitunguu Maji

Sema dada!!

#19 Mwana wa Likoni

Mguse wa pembeni yako kwanza, muulize "unaona?" Mkiwa wawili ndipo mseme.

#20 Binti wa Makambako

Wa pembeni yangu amelala kweli. Nimesema mwenyewe: "Kaka dereva, naomba uweke simu, tuna watoto humu." Konda kaniambia kama nina haraka ya kuongea nipige simu redioni. Baba wa siti ya mbele yangu kageuka, kanitazama, kisha kaangalia dirishani.

#21 Mkaguzi wa Kijiwe

Dada tupo hapa. Vipi?

#22 Mkaguzi wa Kijiwe

Dada?

#23 Binti wa Makambako

Mtandao ulikata, samahanini. Simu kaiweka mfukoni. Sijui kama ni mimi au ni kwa sababu tulikuwa tunakaribia trafiki wa Doma. Yule baba wa mbele amenipa karanga.